Kutembelea Pemba, Pwani na Shamba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatufikia hapa Pemba kila msimu. Mengine yanatoka kwa wageni wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa wanaopanga safari, mengine kwa majirani zetu wanaotaka kujua utalii huu unaopigiwa zumari utawaletea nini wao. Tumeyaweka pamoja makusudi, kwa sababu mgeni akijua mwenyeji anawaza nini, na mwenyeji akajua mgeni anatafuta nini, mambo mengi hayafiki kwenye ugomvi.

Pemba ina nini ambacho Unguja haina?

Vilima, kwanza kabisa. Ukitoka Mkoani kwenda Chake Chake barabara haitulii: unapanda kilima cha mikarafuu, unateremkia bonde la mpunga, unapanda tena. Waarabu walikiita Kisiwa cha Kijani na mpaka leo hakuna aliyewakosoa. Kaskazini-magharibi upo Msitu wa Ngezi, masalia ya msitu mnene uliokuwa umefunika sehemu kubwa ya kisiwa. Yupo popo mkubwa asiyepatikana kwengine kokote duniani, na aina nne za ndege zenye sifa hiyohiyo: bundi mdogo wa Pemba, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba na kidege mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Magharibi yetu ni Mkondo wa Pemba, wenye kina kinachopita mita 800, ndiyo maana samaki wakubwa wa bahari kuu hupita karibu na nchi kavu.

Tusichokuwa nacho ni safu ya mahoteli ufukweni na muziki wa kukesha. Anayetaka hayo aende Nungwi, kaskazini ya Unguja. Atafurahi zaidi, na sisi tutalala.

Nina siku chache. Nikae ufukweni au niende shamba?

Vyote viwili, ila ukitugawia siku, upe shamba zaidi ya unavyodhani. Wageni wengi huteremka uwanja wa ndege, hupakiwa gari mpaka geti la hoteli, na siku ya kuondoka hurudishwa uwanjani. Wamelala Pemba lakini hawajafika. Hawakununua hata embe kwa mtu.

Msimamo wetu katika majibu yote yanayofuata ni huu: mgeni afuate kalenda ya kijiji, kijiji kisipangiwe kalenda na mgeni. Kuna bamvua, bahari inapojaa na kukupwa sana, na maji mafu, inapojaa na kukupwa kidogo; kuna msimu wa karafuu, kuna Ijumaa, kuna Ramadhani. Ukipanga safari kwa kuzingatia hayo utaona vitu ambavyo havionyeshwi kwa tiketi. Ukilazimisha ratiba yako, utaonyeshwa maigizo.

Msimu gani ni mzuri?

Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, ni joto na bahari imetulia. Kusi, Juni hadi Septemba, kuna ubaridi kidogo na upepo, na kwenye mwezi wa Julai mpaka Oktoba nyangumi hupita mkondoni. Masika, tangu mwisho wa Machi mpaka Mei, mvua ni ya kweli. Njia za udongo za shamba huteleza na baadhi ya hoteli hufunga. Anayependa kijani na hajali kulowa atatupata wakati huo tukiwa na nafasi ya kuzungumza.

Nataka kuona karafuu. Inakuwaje?

Hili ndilo swali tunalolipenda, basi tuvumilie.

Mikarafuu ililetwa Zanzibar karne ya 19 na ikastawi Unguja na Pemba. Mwaka 1872 kimbunga kikaiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja huku ya Pemba ikisalimika kwa wingi, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka huku. Kinachochumwa si tunda. Ni chipukizi la ua kabla halijafunguka, linapoanza kuwa na wekundu. Likishafunguka thamani imepotea.

Mchumaji hupanda juu, huvuta tawi kwa kamba au kwa kijiti chenye ndoana, na huchuma kikonyo kizima bila kuvunja tawi, kwa sababu tawi lililovunjwa mwaka huu halizai mwakani. Malipo yake hupimwa kwa pishi, kipimo cha kienyeji cha ujazo. Jioni karafuu zikishafika nyumbani ndipo kazi ya pili huanza: kuchambua. Watu hukaa barazani, bibi, mama, watoto waliotoka skuli na jirani aliyekuja kusalimia, kila mmoja anashika kikonyo na kukisugua kwenye kiganja mpaka karafuu zianguke upande mmoja na makonyo upande wa pili. Mikono hubaki na harufu siku kadhaa, hata ukila wali unaisikia. Makonyo nayo hayatupwi, hukamuliwa mafuta katika kiwanda cha Wawi, Chake Chake.

Kisha huanikwa juani kwa siku nne, tano, juu ya majamvi. Mvua ikitishia, kijiji kizima hukimbia. Karafuu iliyorundikwa mbichi ikachemka huwa mpeta, rangi yake hupauka na bei huanguka.

Sasa, wewe mgeni unaingiaje hapo? Msimu mkubwa kwa kawaida huwa katika nusu ya pili ya mwaka, ila mikarafuu haizai sawa kila mwaka, kwa hiyo piga simu kabla. Ukija wakati wa kuchambua, usisimame mlangoni na kamera. Toa salamu, kaa kwenye jamvi, chambua. Hakuna atakayekudai fedha kwa hilo, na hakuna atakayekuacha uondoke bila kunywa chai. Ukitaka kulipa, mlipe aliyekuleta kwa kazi ya kukutembeza, na ununue kitu cha nyumba hiyo: mayai, ndizi, mkeka. Usipande mti. Kila msimu kuna wachumaji wanaoanguka na kuumia, na hao ni watu waliozaliwa chini ya mikarafuu.

Na usikanyage majamvi.

Naweza kuondoka na karafuu?

Paketi ndogo ya dukani, ndiyo. Weka risiti. Gunia kutoka uani kwa mtu, hapana. Karafuu kavu huuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na kuisafirisha kwa njia ya panya ni kosa. Anayekuuzia "kwa bei ya kirafiki" anakutia matatani, na yeye anajitia zaidi.

Popo wa Pemba wanaonekana wapi? Ni kweli walikuwa wakiliwa?

Ni kweli, na si zamani sana. Popo huyu hula matunda, uso wake ni wa rangi ya kahawia nyekundu kama mbweha, na mabawa yake yakifunguliwa hukaribia mita moja na nusu. Nyama yake ilikuwa kitoweo. Bunduki zilipoingia na misitu ilipokatwa, wakapungua mpaka miaka ya 1990 wataalamu wakamweka kwenye orodha ya wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Kilichowaokoa hakikuwa uzio. Yalianzishwa makundi ya vijiji, kila kundi likilinda miti wanayolala popo katika eneo lake. Sehemu nyingi za malazi yao zilikuwa tayari na ulinzi wa aina nyingine, maana popo walipenda miti mikubwa ya makaburini na ya mizimuni, ambayo hakuna aliyethubutu kuitia shoka. Idadi ikapanda tena kutoka maelfu machache hadi makumi ya maelfu, na popo akateremshwa daraja kwenye orodha ile ya hatari.

Kidike, kaskazini ya Chake Chake, ndipo rahisi kufika. Wenyeji wanapokea kiingilio kidogo na wanakuongoza. Nenda alasiri. Wakati jua linazama popo wataruka wenyewe kwenda kula, makundi kwa makundi, hapana haja ya kufanya lolote. Tunasema hivi kwa sababu wapo watembezaji wanaopiga makofi au kurusha jiwe ili mgeni apate picha ya popo wakiruka mchana. Mnyama aliyeamshwa mchana anapoteza nguvu, mama anaweza kumwangusha mtoto, na wakisumbuliwa mara nyingi huhama. Kijiji kikihamwa na popo kimehamwa na mapato. Ukiona mtembezaji wako anainama kuokota jiwe, mwambie aliweke chini. Una haki hiyo, umelipa.

Mkulima naye huuliza: "Hawa si wanakula maembe yangu?" Wanakula. Lakini ndio hao wanaobeba mbegu za miti ya msituni na kuzisambaza, na ndio wanaochavusha baadhi ya maua usiku. Hatuwezi kumwambia mwenye mwembe afurahi. Tunachoweza kusema ni kwamba pale penye kiingilio, sehemu yake ifike kwa wenye miti pia, si kwa kamati peke yake.

Kisiwa cha Misali kina masharti gani?

Misali ipo magharibi ya Chake Chake, safari ya boti isiyo ndefu. Ilifanywa eneo la hifadhi mwaka 1998, na mwaka 2005 hifadhi ikapanuliwa kuingia upande wote wa magharibi wa Pemba kwa jina la Hifadhi ya Mkondo wa Pemba. Kuna sehemu ambayo hairuhusiwi kuvua kabisa na kuna sehemu wavuvi wanaendelea na kazi zao. Utawakuta wamepiga dago, wanalala hapo siku kadhaa, wanakausha samaki. Hao si mapambo ya safari yako. Kisiwa ni chao kabla hakijawa cha watalii.

Masharti ni mepesi: lipa kiingilio na udai risiti, usikanyage matumbawe, usiokote kombe wala kipande cha tumbawe, usilishe samaki, rudi na taka zako. Nahodha afunge boti kwenye boya, asitupe nanga juu ya miamba. Nanga moja huvunja kwa dakika tumbawe lililochukua miaka mingi kukua. Matumbawe yetu yana shida zao tayari: mwaka 1998 na tena 2016 bahari ilipata joto kupita kiasi na mengi yakapauka na kufa.

Kuna kitu kimoja cha Misali ambacho vitabu vya wageni hukipita haraka. Wazee husema Nabii Khidhri aliwahi kusali pale, kwa hiyo kisiwa kina heshima yake. Serikali na wahifadhi walipoanza kukataza baruti na nyavu haribifu, mabango hayakusaidia sana. Mazungumzo yalibadilika walipoingia mashekhe na kuwaeleza wavuvi msikitini kwamba mwanadamu ni khalifa katika ardhi, amekabidhiwa na ataulizwa, na kwamba israfu ni israfu hata baharini. Mvuvi aliyezoea kumkimbia askari hakuwa na pa kukimbilia tena. Hatudai kwamba uvuvi haramu umekwisha. Tunasema tu kwamba uhifadhi ulioongea lugha ya watu ulifika mbali kuliko ule uliokuja na faini peke yake, na anayetaka kuanzisha mradi wa utalii kijijini kwetu aanze kwa kujua imamu ni nani.

Tunaweza kuogelea na pomboo?

Ukiwaona, watazame. Usiwarukie. Kizimkazi, kusini Unguja, boti zimezoea kuwazingira pomboo na kuwakatia njia, watu wanajirusha kichwani mwao. Sisi hatuendi huko. Nahodha apunguze mwendo, akae ubavuni, injini isiwashwe na kuzimwa ovyo. Wakitaka kuja watakuja.

Na kasa?

Kasa na ng'amba hutaga katika baadhi ya fukwe zetu, Misali ikiwemo. Usiku usimulike tochi, usiwashe taa ya simu, usimkaribie anayepanda kutaga. Mwanga humrudisha baharini kabla ya kazi yake.

Kumla ni kosa la sheria, na tena ni hatari kwa maisha. Machi 2024 hapa Pemba, Kisiwa Panza, watu tisa, wanane kati yao watoto, walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Nyama yake mara nyingine huwa na sumu ambayo haiondoki kwa kuchemsha. Mgeni akiulizwa "unataka kuonja?" jibu ni moja.

Naruhusiwa kupiga picha kinamama wa mwani?

Uliza kwanza, na uulize ukiwa umeweka kamera chini.

Kilimo cha mwani kilianza Zanzibar mwaka 1989 na Pemba ndiyo inayozalisha sehemu kubwa. Karibu wote wanaolima ni wanawake. Wakati wa bamvua, maji hukauka kwenye saa nne asubuhi hivi, nao wanakuwa na saa chache tu za kufunga mbegu kwenye kamba, kukaza vigingi na kuvuna kabla maji hayajarudi. Ukimsimamisha mtu dakika kumi kwa ajili ya picha, umemlia sehemu ya siku yake ya kazi. Vaa viatu vya mpira kwa sababu ya mawe, shika kamba, ufundishwe kufunga. Kisha nunua sabuni ya mwani kwake mwenyewe. Kilo ya mwani mkavu ina bei ndogo mno, lakini mwani uleule ukiwa sabuni mfuko wa mama unajua tofauti.

Wakati wa maji mafu hakuna mwani wa kuonyesha. Mtembezaji anayekuahidi shughuli za mwani tarehe yoyote utakayo, muulize anaujua mwezi.

Magofu yana haja ya kutembelewa? Si mawe tu?

Ni mawe, lakini pata mtu wa kukusimulia. Pujini kuna ngome ya karne ya 15 inayonasibishwa na Mkama Ndume, mtawala anayekumbukwa kwa ukatili. Wenyeji wanasimulia kwamba alikuwa na wake wawili wasiopatana, akachimba kisima kimoja na kukitia ukuta katikati, huyu ateke upande huu na yule upande ule, wasionane nyuso. Ras Mkumbuu kuna msikiti wa kale na makaburi ya nguzo; kwenda kwa boti kunaweza kuunganishwa na Misali. Mtambwe Mkuu, karibu na Wete, mwaka 1984 zilichimbuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na chache za dhahabu, ushahidi kwamba watu hapa walikuwa wakifanya biashara na dunia karne nyingi kabla ya Vasco da Gama kuzaliwa. Usipande kuta, usichukue hata kigae.

Mchezo wa ng'ombe bado upo?

Upo, zaidi wakati wa kaskazi, sehemu kama Pujini na Kengeja. Ng'ombe hauawi. Haufanywi kwa kuagizwa na mgeni, na tafadhali usituombe tuupange kwa ajili ya ndege yako ya Jumatatu.

Nivae vipi? Na Ramadhani je?

Ufukweni mwa hoteli vaa upendavyo. Kijijini, sokoni na mjini, mabega na magoti yafunikwe, mwanamke na mwanamme. Kanga moja begani inamaliza tatizo. Usishikane wala kubusiana barabarani. Ramadhani usile, usinywe wala kuvuta sigara hadharani mchana. Migahawa mingi imefungwa, panga chakula na nyumba unayolala. Kwa upande mwengine, mgeni wa Ramadhani hualikwa futari, na futari ya Pemba haina mpinzani. Pombe haipo nje ya hoteli chache. Usitumwe na yeyote kuitafuta.

Salamu kabla ya neno lolote, hata kabla ya kuuliza njia. Mzee muamkie. Ukikatisha uani kwa watu piga hodi, ingawa unaona hakuna mlango.

Tutakula nini?

Pweza wa nazi, samaki wa kupaka, muhogo wa nazi, wali, maharage, mkate wa kumimina. Uliza shelisheli ikiwa ni wakati wake, na mkate wa mofa. Urojo ni wa Unguja, ukiutaka sana utaupata, ila usituulize kwa nini haufanani.

Kuhusu pweza: baadhi ya vijiji, Kisiwa Panza kikiwa miongoni mwao, hufunga sehemu ya miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha hufungua siku moja kwa wote. Wakati miamba imefungwa hakuna pweza wa huko. Mpishi akikwambia "leo hayupo," hiyo ndiyo dalili nzuri.

Mimi si mfanyakazi wa hoteli. Utalii unanisaidia nini?

Tutakujibu bila kukupamba. Ukikaa kusubiri, haukusaidii. Utalii unachangia karibu theluthi ya uchumi wa Zanzibar na ndio unaoleta sehemu kubwa kabisa ya fedha za kigeni, lakini fedha nyingi ya mgeni hulipwa kwao kabla hajapanda ndege, na ile inayofika hubaki hotelini: mboga za kutoka Bara, samani za kutoka nje, hata matunda yanavushwa bahari wakati yetu yanaoza chini ya miti.

Tumeona penye tofauti. Jozani, Unguja, ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004 vijiji vinavyoizunguka vilikuwa na fungu katika viingilio, na kima punju aliyekuwa adui wa shamba akawa na watetezi. Chumbe, tangu 1994, kisiwa kinalindwa na wengine wa walinzi wake walikuwa wavuvi. Hoteli yake ni ndogo, inakinga maji ya mvua na inatumia umeme wa jua, na mapato yanalipia hifadhi na mafunzo ya watoto wa skuli.

Kwa mkulima wa shamba hapa Pemba, mlango ulio wazi ni jiko la hoteli. Mpishi mkuu hataki vizuri tu, anataka kila Jumanne. Mtu mmoja mwenye matuta kumi ya tungule, yaani nyanya, hawezi. Watu kumi na tano waliopeana zamu wanaweza. Pelekeni sampuli, kubalianeni kiasi, andikianeni, na msishindwe kupeleka wiki ya harusi. Wengi hupoteza soko hapo. Harusi moja, kijiji kizima kimehudhuria, hoteli imekaa bila mboga, wiki inayofuata wamerudi kununua Bara.

Na kamati ya shehia, eneo dogo kabisa la utawala, isome hesabu zake hadharani. Fedha ya kiingilio ambayo hakuna ajuaye imekwenda wapi huharibu msitu upesi kuliko shoka.

Kuna mwekezaji anataka eneo letu la pwani. Tuuze?

Elewa kwanza unachokimiliki. Kwa sheria ya ardhi ya 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Mwananchi ana haki ya kuitumia, na mwekezaji wa nje hupewa kwa kukodishwa kwa muda. Shamba la eka tatu, zile zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, halikutolewa ili liuzwe. Miti nayo inaweza kuwa na mwenyewe asiyekuwa mwenye ardhi, kwa hiyo anayelipwa fidia ya minazi si lazima awe anayelipwa kwa jambo jengine. Karatasi iliyosainiwa usiku mbele ya mashahidi wawili haikulindi.

Nenda kwa sheha, kiongozi wa shehia, nenda Kamisheni ya Ardhi. Muulize mwekezaji kibali chake cha Mamlaka ya Vitega Uchumi, ZIPA, na tathmini ya athari za mazingira inayosimamiwa na ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar. Omba kuisoma, au msomewe kwa Kiswahili. Halafu ulizeni mambo matatu na yaandikwe: maji yatatoka wapi, njia ya wavuvi kwenda pwani itapita wapi, na ajira ngapi ni za shehia hii baada ya ujenzi kwisha. Ajira za ujenzi huhesabiwa kwa mbwembwe na huisha pamoja na saruji.

Swali la maji msilione dogo. Hoteli yenye mabwawa na bustani hunyonya kisima kirefu, na karibu na pwani kisima kinachonyonywa kupita kiasi huingia chumvi. Kikishaingia chumvi, mwekezaji ataleta mtambo wa kusafisha maji ya bahari. Ninyi mtaleta ndoo.

Mifuko ya plastiki?

Imepigwa marufuku Zanzibar tangu 2006. Acha yako nyumbani, njoo na chupa ya maji ya kujazia. Kikapu cha ukili utakipata soko lolote.

Nalala wapi nje ya hoteli kubwa?

Chake Chake, Wete na Mkoani zina nyumba za wageni za bei ya kawaida. Baadhi ya vijiji vina nyumba zinazopokea wageni. Hakikisha imesajiliwa, kwa usalama wako na wa mwenye nyumba. Umeme wa gridi tunao, tangu 2010 tumeunganishwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari, ingawa kukatika hukatika.

Nafikaje, na nahitaji nini mkononi?

Boti kutoka Unguja hadi Mkoani, au ndege hadi uwanja wa Pemba karibu na Chake Chake. Mtanzania, kitambulisho chako kinatosha. Rafiki yako wa nje atahitaji, pamoja na viza kama nchi yake inadaiwa, bima ya safari ya Zanzibar iliyo lazima kwa wageni kuanzia Oktoba 2024. Ailipie mtandaoni kabla ya kuondoka kwao. Benki zipo mjini. Shamba beba fedha taslimu ndogondogo, noti ya elfu kumi kijijini kwa ndizi za mia tano huleta msiba wa chenji. Daladala zinafika karibu kila pahala mchana. Baada ya magharibi usizitegemee.

Mwanangu anataka kutembeza watalii. Aanzie wapi?

Asianze kwa kuwa papasi bandarini. Mtu akishajulikana kwa kuvuta wageni mikono, jina hilo halitoki.

Leseni hutolewa na Kamisheni ya Utalii Zanzibar, na masomo yapo SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, skuli yao ya utalii ipo Maruhubi, Unguja. Lakini kabla ya nauli ya Unguja ajifunze vya hapa: majina ya miti na ndege, saa za maji, historia ya magofu ya jirani kutoka kwa mzee anayeijua, huduma ya kwanza, kuogelea. Wapo vijana wengi wenye Kiingereza kizuri wasioweza kumwambia mgeni mti ule ni nini. Lugha ya pili ikiwa Kiitaliano au Kifaransa itamsaidia zaidi. Kwa mwaka wa kwanza afuatane na mtembezaji mwenye leseni, abebe maji, asikilize. Na binti akitaka, aje pia. Wageni wa kike wanatuuliza kila mara kama yupo mwanamke wa kuwatembeza, na mara nyingi inatubidi tuseme hayupo.